Sababu gani tunakata bonde la muto vipande-vipande

Katika namba hii sisi wa kikundi cha jiografia tunataka kujibu ulizo moja lenye tulisikia mara nyingi tangu mvua kuanza. Sababu gani siku ingine Nyamukau unajaa na kuleta maji mekundu, na hapa ku masomo hatukuona hata tone? Na siku ingine mvua inapiga mabati yetu mupaka hatusikii mwalimu, kiisha tunakwenda kuangalia muto, tunakuta umepanda kidogo tu. Wengine wanasema muto uko na kichwa chake. Hapana. Muto hauna kichwa. Uko na bonde, na bonde lile halifanane pande zote.

Kwanza tusikilizane juu ya neno lenyewe. Tukisema bonde la muto hatutaki kusema tu ule mufereji wa chini pahali maji yanapita, wala majani ya kando. Tunataka kusema inchi yote ambayo mvua yake, ikianguka na kukimbia, itafika katika muto ule. Paa la nyumba yenu liko ndani. Kiwanja cha mupira kiko ndani. Shamba la mihogo la mama, barabara, soko, makaburi, vyote viko ndani ya bonde la muto fulani, hata kama mutu akisimama pale haoni muto wala hasikii sauti yake. Na mupaka wa bonde ni mugongo wa kilima: tone likianguka upande huu linashuka huku, likianguka upande ule linashuka kule.

Sisi watu wa Bunia tunakaa karibu na mugongo mumoja mukubwa kupita mingi ya Afrika. Mutu akishika barabara ya Kasenyi anapita Bogoro, kiisha anaanza kushuka ule ukingo mukali mupaka ziwa Alberti. Mvua ya kule chini inaingia ziwani, inatoka kwa njia ya Nili, inapita Sudani ya Kusini, Sudani na Misri, na kumwagika katika bahari ya Mediterania. Lakini mvua ya Bunia inaupa ule mugongo kisogo. Inatelemka upande wa Shari, Shari unaingia Ituri, Ituri unapita ndani ya pori, na ukiisha kukutana na Nepoko pale Bomili watu wanauita Aruwimi. Aruwimi unaingia muto Kongo pale Basoko, na mwisho wa safari ni bahari ya Atlantiki. Upande wa Aru ni vilevile: Kibali unakwenda Uele, Uele unakwenda Ubangi, na Ubangi ni wa Kongo. Basi mama wawili wakimwaga maji ya kunawia huku na huku ya mugongo, maji yale hayataonana tena mupaka baharini, na bahari zenyewe ni mbili. Wazungu walipokata inchi walitumia mugongo huu: mupaka wetu na Sudani ya Kusini unaufuata.

Sasa, ndani ya bonde kubwa kuko bonde dogo, na ndani ya bonde dogo kuko lingine dogo zaidi. Bonde la Aruwimi pamoja na Ituri linapita kilometa za mraba 100 000. Ndani yake kuko bonde la Shari, na ndani ya Shari kuko vijito vyenye kupita katika muji wetu, na nyuma ya parsela za watu kuko mitaro yenye inakauka wakati wa jua. Hata mutaro ule uko na bonde lake. Ndiyo maana mutu akisema «nataka kupima bonde», ulizo la kwanza ni: bonde la pahali gani? Ni lazima achague kwanza mulango, maana yake pahali maji yote ya bonde yanatokea: daraja, ao bomba la chini ya barabara, ao pahali muto unaingia muto mwingine. Akiisha kushika mulango, anapanda kwa kufuata mugongo upande wa kuume, anazunguka kichwa cha vijito vyote, na kushuka kwa mugongo wa kushoto mupaka kurudi palepale. Ile ni kazi ya miguu. Kwa karata yenye mistari ya urefu inawezekana kuifanya juu ya meza. Siku hizi mashini inaifanya, kwa sababu mwezi wa pili 2000 chombo cha anga cha Marekani kilizunguka dunia siku 11 na kupima urefu wa sehemu kubwa ya inchi kavu. Lakini kwa mutaro wa nyuma ya kartie tunaona miguu inapita mashini. Mashini haioni kwamba watu walichimba rigoli mupya na kugeuza maji upande mwingine.

Hapa tuseme neno moja lenye linatushangaza. Wakubwa wa inchi wanapenda kuweka mupaka wa kartie, wa groupement, hata wa teritware, juu ya muto. Ni vyepesi: muto unaonekana, hakuna mutu atabishana. Lakini kwa mambo ya maji ni kinyume kabisa. Muto ni katikati ya bonde, si mupaka wake. Ukiweka mupaka juu ya muto umekata bonde kati-kati kama ndizi, na chefu wa ngambo hii anaona nusu ya maji, na chefu wa ngambo ile anaona nusu ingine. Mumoja akipanda miti na mwingine akikata, muto unapokea hesabu ya wote wawili.

Turudi kwa ulizo letu. Bonde moja, mulango mumoja, muto mumoja. Sababu gani kulikata vipande tena? Tuonyeshe kwa mufano. Namba hizi tunazichagua sisi ili hesabu iwe nyepesi, lakini zinafanana na mambo tunayoyaona.

Tuseme bonde la hekta 300. Chini, karibu na mulango, kuko kartie ya hekta 60: mabati, yale tunayoita manjanja, na barabara ngumu, na viwanja vyenye miguu ya watu imevipiga mupaka vimekuwa kama simenti. Katikati kuko mashamba ya hekta 120. Juu kuko miti na majani marefu, hekta 120 vilevile. Mvua ikianguka katika kartie, sehemu 8 kwa 10 zinakimbia, na 2 tu zinabaki. Katika mashamba sehemu 35 kwa 100 zinakimbia. Chini ya miti ni 15 kwa 100 tu, ingine yote inanywewa na udongo ao inabaki katika majani. Namba hizi 0,8 na 0,35 na 0,15 tuziite namba za kukimbia. Namna hii ya kuhesabu ni ya zamani. Thomas Mulvany wa Ireland aliiandika 1851, na mainjinia wangali wanaitumia kwa mabonde madogo.

Milimita 1 ya mvua juu ya hekta 1 ni meta za ujazo 10. Basi mvua kali ya milimita 60 kwa saa inamwaga meta za ujazo 600 juu ya kila hekta. Kartie ya hekta 60 inapokea 36 000 kwa saa. Chukua 0,8 yake, ni 28 800. Gawanya kwa sekunde 3 600 za saa moja, unapata meta za ujazo 8 kwa sekunde. Fanya vilevile kwa mashamba, unapata 7. Kwa miti, unapata 3. Jumla ni 18. Mwenye kupenda hesabu ajaribu mwenyewe.

Mutu mwingine atasema: mimi sikate kitu. Ninachukua bonde lote kuwa moja, namba ya kukimbia ya katikati ni 0,36, hekta 300, milimita 60, ninapata 18 sawasawa. Ni kweli. Mvua ikianguka sawasawa pahali pote, na kwa muda murefu wa kutosha, hatuna ugomvi naye.

Lakini ninyi munajua mvua ya hapa kwetu! Katika Ituri mvua nyingi ni za ngurumo. Wingu linasimama juu ya kartie moja, linamwaga, na watu wa kilima cha pili wanaendelea kuanika nguo. Basi tuseme mvua ile ya milimita 60 imeanguka juu ya kartie tu. Mashamba na miti ni kavu. Kwa mulango yanafika maji ya kartie, meta za ujazo 8 kwa sekunde. Na rafiki yetu mwenye kukataa kukata anasema nini? Yeye ana makopo matano ya kupima mvua, yamepangwa vizuri ndani ya bonde, kila moja kwa hekta 60. Moja limepata milimita 60, mengine manne yamepata sifuri. Anajumlisha, anagawanya kwa 5, anapata milimita 12. Anaweka 12 katika hesabu yake: 0,36 mara 12 mara 300. Jibu lake ni meta za ujazo 3,6 kwa sekunde. Hajafikia hata nusu ya maji yenye yamepita.

Kesho yake wingu linasimama juu ya miti tu, hekta 120. Maji ya kweli kwa mulango ni 3. Makopo mawili yamepata 60, matatu hayana kitu, katikati ni 24, na jibu lake ni 7,2. Mara hii anapita kweli zaidi ya mara mbili. Makopo ni yaleyale, bonde ni lilelile, na mutu hakukosa kugawanya. Anakosa kwa sababu alichanganya mvua ya pahali pagumu na udongo wa pahali palaini kabla ya kufanya hesabu. Ni lazima kila kipande kikutane na mvua yake chenyewe. Kiisha maji yanajumlishwa kwa mulango. Kuchanganya mvua na kuchanganya maji si jambo moja.

Hapa ndipo wenye kusoma watajibu ulizo la Nyamukau wenyewe.

Jambo la pili ni saa. Maji ya kartie yanakimbia juu ya barabara na ndani ya rigoli, kwa mufano yanafika mulangoni kwa dakika 15. Maji ya mashamba yanakamatwa na matuta, yanafika kwa dakika 40. Ya miti yanakuja polepole, kupita saa moja. Mvua ikidumu nusu saa na kukatika, maji ya kartie yamekwisha kupita kabla ya yale ya mashamba kufika yote. Kwa hiyo hatutaona 18 hata siku moja kwa mvua fupi kama ile. Tutaona maji yanapanda mbio, yanashuka, kiisha yanapanda tena kidogo. Watu wa kando ya mutaro wanajua mupando ule wa mara mbili, lakini wengi wanafikiri ni mvua ingine imeanguka juu. Hesabu isiyokata bonde haiwezi kuuonyesha, maana iko na saa moja tu kwa maji yote.

Jambo la tatu ndilo linatugusa zaidi, kwa sababu muji wetu unageuka mbele ya macho. Tangu vita ya mwaka 1999 mupaka 2003, na tena tangu mwisho wa 2017, watu wengi wa Djugu na Irumu walikimbilia Bunia. Na 2015 Bunia ulifanywa muji mukubwa wa provinsi ya Ituri, wafanyakazi na wafanyabiashara wakaongezeka. Pahali palikuwa mihogo, leo kuko nyumba. Pahali palikuwa majani, kuliwekwa mahema ya wakimbizi, na maji hayapite ndani ya hema ya plastiki, yanakimbia sawa juu ya manjanja. Katika mufano wetu, tuseme mashamba ya hekta 120 yamekuwa nyumba na namba yake imepanda toka 0,35 mupaka 0,7. Aliyekata bonde anagusa kipande kimoja tu: mashamba yalileta 7, sasa yanaleta 14. Jumla inakwenda toka 18 mupaka 25. Mvua haikuongezeka hata milimita moja. Na zaidi, anaweza kuonyesha kwa kidole maji yale saba yametoka wapi, na kuuliza kama inafaa kuchimba mashimo ya kunywesha maji pale ao kuacha miti ya juu isimame. Mwenye bonde moja anajua tu kwamba muto umekuwa mubaya.

Sasa namna ya kukata. Hakuna sheria moja, lakini desturi ni kukata kwanza pahali mito inakutana, kwa sababu pale ndipo maji yanajumlishwa. Kiisha unakata pahali uko na ulizo: daraja, mutambo, pahali watu wanachota maji. Wabelgiji walipojenga mutambo wa umeme wa Budana juu ya Shari kwa ajili ya migodi ya Kilo, ulizo lao lilikuwa pale Budana, si pale Shari unaingia Ituri. Bonde la mutambo linaishia kwa mutambo. Mwisho unakata pahali inchi inageuka, kama pori linageuka shamba, ao mulima unageuka uwanda. Programu za mashini zinafuata njia hii. Ile inaitwa HEC-HMS, ya mainjinia wa jeshi la Marekani, inapanga mabonde madogo na kuyaunganisha kwa mito kama shanga. Ile inaitwa SWAT inakata mabonde madogo, kiisha ndani ya kila moja inakusanya pamoja vipande vyenye udongo mumoja, mimea moja na mutelemko mumoja.

Kwa mabonde makubwa kuko namna nzuri ya kuyapa namba, na sisi tunaipenda sana. Aliyeitengeneza ni injinia wa Brazili, Otto Pfafstetter, 1989. Chukua Aruwimi. Simama Basoko, panda muto, na kila pahali mito miwili inakutana fuata ule wenye bonde kubwa zaidi. Ule ndio muto-mama. Kiisha tafuta mito minne yenye mabonde makubwa kupita yote yenye inaingia katika muto-mama. Toka chini kwenda juu, ipe namba 2, 4, 6 na 8. Vipande vya muto-mama vyenye vinabaki kati-kati vinapata 1, 3, 5, 7, na kichwa chake kinapata 9. Basi umekata bonde vipande tisa. Ukitaka vidogo zaidi, ingia ndani ya kipande 4 na kufanya vilevile: unapata 41, 42, 43, mupaka 49. Uzuri wake ni huu: ukiona namba tu, bila karata, unajua maji yanakwenda wapi. Kipande chenye kuishia kwa namba mbili-mbili (2, 4, 6, 8) ni bonde zima la muto wa pembeni, hakipokei maji ya mugeni. Chenye 3 kinapokea ya 4 na ya 5 na yote ya juu. Mutu akimwaga sumu katika 8, wa 7, 5, 3 na 1 wanywe maji ya pahali pengine. Wa 9, 6, 4 na 2 hawana hatari. Karata za dunia nzima za mabonde zinatumia namba hizi leo.

Pengine mutu atasema: kama kukata ni kuzuri hivi, tukate vidogo sana, kila parsela kipande chake! Hapa tunakataa. Kipande ni lazima kiwe na mvua yake, na mvua haijulikani bila mutu wa kuipima. Ukikata bonde vipande mia moja na uko na kopo moja, vipande vyote mia vinapokea mvua ya kopo lile. Umechora mistari mingi, lakini hesabu yako ingali ya mutu mwenye kujua mvua ya pahali pamoja. Ile tunaiita kudanganya kwa rula.

Mwamerika mumoja, Alfred Thiessen, 1911, alionyesha njia nyepesi ya kugawanya inchi kati ya makopo: kila pahali panashika mvua ya kopo lenye kuwa karibu. Unaunganisha makopo kwa mistari, unakata kila mustari kati-kati kwa pembe sawa, na mikato ile inafunga eneo la kila kopo. Inafanywa kwa penseli na ekeri tu, na walimu wetu wa hesabu watafurahi. Lakini eneo lile halijui mugongo wa kilima. Linaweza kuruka toka Kongo mupaka Nili bila kujisikia. Kwa hiyo vipande vya mvua na vipande vya bonde si vilevile. Unaweka karata moja juu ya ingine, na kwa kila bonde dogo unauliza: sehemu gani yake iko katika eneo la kopo gani?

Na makopo yako wapi? Wakati wa Wabelgiji vituo vya mvua vilikuwa vingi. Misioni, mashamba ya kahawa, migodi na vituo vya INEAC kama Nioka vilipima kila asubui na kuandika. Baada ya 1960 vingi vilinyamaza, na vita za kwetu zilimaliza vingine. Siku hizi watu wa mbali wanapima mvua kwa satelite. Hesabu moja yenye inatumiwa sana katika Afrika, CHIRPS, inaanza 1981 na inakata inchi miraba ya kilometa karibu 5 kwa 5. Ni kazi kubwa, na kwa Ituri nzima ni musaada wa kweli. Lakini hesabuni: kilometa 5 mara 5 ni hekta 2 500. Bonde letu la mufano ni hekta 300. Lote, na kartie, na mashamba, na miti, linaingia mara nane ndani ya muraba mumoja. Kwa satelite ile, wingu la kartie na wingu la miti ni wingu moja. Tumerudi kwa rafiki yetu wa milimita 12.

Kwa hiyo kwa mabonde madogo ya muji, hakuna atakayetupimia. Tutapima sisi.

Tunasema hivi si kwa kupenda maneno. Wengi wenu munavuka kijito asubui kwa kidaraja cha mbao. Mwaka wa masomo uliopita kuko siku wadogo wetu wa kwanza walirudi nyumbani kwa sababu maji yalipita juu ya mbao, na ingine ilikuwa siku ya egzame. Sasa wazazi wa kule wanakusanya feza ili kuweka mabomba ya betoni na kupitisha barabara juu. Ulizo ni: mabomba mangapi? Bomba moja la upana wa meta 1, likijaa na maji yakikimbia meta 2 kwa sekunde, linapitisha karibu meta za ujazo 1,6 kwa sekunde. Mwenye kupata 3,6 ataweka mabomba matatu. Mwenye kupata 8 ataweka matano ao sita. Kati ya matatu na sita kuko feza mingi, na mutu anayeangalia kijito wakati wa jua, chenye mutoto anaruka, atasema hata mawili yanatosha. Yakiwa machache, maji yatatafuta pembeni, yatakula udongo wa barabara, na mabomba yatabaki peke yake kati-kati ya shimo. Munajua pahali munaweza kuyaona.

Sisi tumekwisha kuzunguka bonde la kijito kile kwa miguu, siku mbili za Posho. Tulikuta mugongo haupite pahali tulifikiri: upande mumoja rigoli ya barabara inaleta maji ya kilima cha jirani, na ile tumeiingiza. Tumelikata vipande vitano, sababu tuko na wanafunzi watano tu wenye kukaa ndani yake na kukubali kazi, na bila mupimaji hatutaki kipande.

Wenye kutaka kusaidia wasikie namna ya kupima. Tafuta kopo lenye pande zimesimama sawa, lisilo pana juu kuliko chini. La maziwa ya unga linafaa. Liweke mbali na mti na nyumba, mbali sawa na urefu wa nyumba mara mbili, na ulifungie kwa mawe ao miti mitatu lisianguke. Kila asubui saa moja ingiza rula wima mupaka chini na usome milimita. Kama rula yako haianzi sifuri kwa ncha yake, ongeza kile kipande kidogo. Andika, mwaga, rudisha. Hata siku isiyo na mvua andika 0, kwa sababu pahali peupe katika daftari hapaonyeshi kama mvua haikuanguka ao mupimaji alilala. Andika vilevile saa mvua ilianza na saa ilikatika. Milimita 30 za usiku muzima na milimita 30 za nusu saa hazifanye kazi moja. Na yule anayekaa karibu na kidaraja atie alama ya rangi juu ya jiwe, kila sentimeta 10, aandike maji yalipanda mupaka wapi na saa gani.

Mwenye kuuliza faida yake nyumbani ahesabu hii: milimita 1 ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni litre 1. Paa la meta 10 kwa 8, kwa mvua ya milimita 30, linamwaga litre 2 400. Ni mapipa 12. Nyumba bila gutieri inayatupa yote katika kijito, kwa mara moja na za jirani.

Karatasi za kuandikia ziko kwa prof wa jiografia. Zinarudishwa kila siku ya kwanza ya juma, mbele ya kengele ya pili. Kipande cha juu, chenye miti, kingali na mupimaji mumoja tu na yeye anamaliza masomo mwaka huu; mwenye kukaa upande ule na wa kelasi ya pili ao ya tatu aje kutuona.